Rubani anayetaka kuacha kazi anajiuliza maswali matatu kwa pamoja

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko katikati ya makazi ya watu. Anayeishi Area D anazijua ndege kwa mlio tu: hii ya pangaboi imetoka Dar, ile yenye mlio mwembamba ni ya jeti. Kwa wengi wetu hapa, aliyekaa mbele kwenye ndege hiyo ameshayamaliza matatizo ya dunia. Ana mshahara, ana sare, ana heshima, na mtaani anaitwa Kepteni hata na wazee waliomzidi umri. Ndiyo maana ikisikika kwamba rubani fulani anafikiria kuacha kazi, watu hushtuka. Mzazi aliyeuza ng'ombe na shamba la zabibu kumsomesha huona kama amedhulumiwa, na majirani husema kijana amerogwa.

Nadhani mshtuko huo unawaumiza watu wenye sababu nzito. Unatuumiza na sisi abiria pia, kwa sababu rubani anayeogopa kusema kwamba amechoka ataendelea kuturusha akiwa amechoka.

Kinachoanza kulivuruga jambo hili ni kwamba tunalizungumza kama uamuzi mmoja, wakati ndani yake kuna maamuzi matatu. Kuna kuacha kampuni, yaani kwenda kurusha ndege kwa mwajiri mwingine. Kuna kuacha nchi. Na kuna kuacha kurusha ndege kabisa. Kila moja lina gharama yake na muda wake, lakini rubani mwenyewe, akiwa amelala macho hotelini saa nane za usiku, huyasikia yote matatu kama sauti moja inayomwambia aondoke.

Tuanze na leseni, kwa sababu wasio wa fani hii wengi hawaijui, na bila kuijua mengine hayaeleweki.

Rubani hupata leseni ya kurusha ndege kwa malipo akiwa na takriban saa 200 angani. Kwenye kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa, saa 150 zinatosha. Ili apate leseni ya juu inayomruhusu kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamtaka afikishe saa 1,500 na awe ametimiza miaka 21. Hapo katikati ndipo vijana wengi wa Kitanzania hukwama. Kwa miaka mingi wamekwenda kusomea Afrika Kusini, Kenya, Ethiopia, Marekani au Ufilipino, kwa makumi ya maelfu ya dola, wakarudi na leseni halali na saa mia mbili na kitu ambazo kampuni nyingi haziwezi kuzitumia. Waliobahatika hupata kiti kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar, wakaanza kuzikusanya saa moja baada ya nyingine. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kimeanza kuijenga shule ya anga hapa nchini, na hilo ni jambo jema. Lakini ada ikishuka, pengo hilo la saa bado litakuwepo.

Leseni peke yake haitoshi. Kila aina ya ndege kubwa ina idhini yake. Aliyefunzwa ATR, ndege ya pangaboi, hawezi kuhamia jeti kubwa kama Boeing 787 kesho kwa sababu tu ana leseni. Lazima asome upya darasani, akae kwenye simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoigiza urushaji wa ndege, apimwe. Mara nyingi kampuni ndiyo hulipia mafunzo hayo, na kwa kuwa imelipia humfunga kwa mkataba: utatumikia miaka kadhaa, ukiondoka kabla utarudisha fedha. Rubani anayeonekana ana mshahara mnono anaweza kuwa na deni la ada upande mmoja na mkataba wa namna hiyo upande wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo naona ndilo kiini cha yote. Mwalimu akiacha kufundisha kwa miaka mitano, shahada yake ipo palepale. Kwa rubani sivyo. Asipokuwa ameruka na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita, haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudishe uzoefu huo. Kila miezi 6 hupelekwa kwenye simuleta, mara nyingi nje ya nchi, ambako mkaguzi humzimia injini moja wakati ndege inaacha ardhi na kuandika atakachokifanya. Kila mwaka hupimwa afya ya daraja la kwanza, na akivuka miaka 60 hupimwa kila miezi 6. Akifika 65, safari za kimataifa za biashara kwake zimekwisha kisheria, hata kama ana nguvu za kijana.

Kwa hiyo kwake hakuna kupumzika mwaka mmoja atafakari. Mwaka wa kutafakari unamla uwezo wa kurudi. Hali hiyo huwabakiza kazini watu ambao wangepaswa kupumzika, na huwafanya wengine waondoke moja kwa moja wakati walihitaji miezi michache tu. Kwa rubani mwanamke mbano ni mkubwa zaidi: kwa viwango vya ICAO, mimba isiyo na matatizo inamruhusu kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26 tu, na akirudi baada ya kujifungua anakuta siku zake 90 zimepita zamani. Mwenzake wa kiume aliyepata mtoto mwezi huohuo hakukosa hata safari moja.

Sasa tuje kwenye njia yetu ya Dar na Dodoma, maana mfano mzuri uko hapa nyumbani.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, njia hii ilipata uhai mpya. Wabunge, makatibu, wakandarasi na wanasheria walijaza viti, hasa wakati wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Mwaka huohuo Air Tanzania, ambayo ilikuwa imebaki na ndege moja tu inayofanya kazi, ilipokea Bombardier Q400 mbili mpya, ndege za pangaboi zinazofaa kabisa safari ya saa moja kama hii. Kwa rubani kijana, njia fupi yenye abiria wa uhakika maana yake ni saa za kuruka, na saa ndizo zinazompandisha.

Kisha likaja treni. Abiria walianza kupanda treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000, na safari ni chini ya saa nne. Ndege huruka saa moja, lakini weka juu yake foleni ya Barabara ya Nyerere, muda wa kuwahi uwanjani na nauli iliyo mara kadhaa ya ile ya treni. Mtumishi wa kawaida hupiga hesabu hiyo akiwa bado kitandani. Mimi napanda treni hiyo na nafurahi kwamba ipo. Lakini ukweli ni kwamba kila abiria aliyehamia relini ni sababu moja zaidi ya kampuni kujiuliza kama safari ya jioni inalipa.

Ikipunguzwa safari hiyo, nani anaumia kwanza? Malipo ya rubani katika kampuni nyingi yana sehemu mbili: mshahara wa msingi, na posho kwa kila saa aliyoruka. Ratiba ikipungua, posho inapungua mwezi huohuo, ilhali deni la ada liko palepale. Rubani msaidizi mwenye saa 900 aliyekuwa amepanga kufika 1,500 baada ya mwaka mmoja na nusu sasa anahesabu miaka miwili, pengine mitatu. Hajafukuzwa, hajakosea, na anaona maisha yake yamesogezwa mbele na kitu ambacho yeye mwenyewe anakishangilia kama raia.

Mtu anaweza kusema safari fupi ni kazi nyepesi. Si kweli. Sehemu zinazomtaka rubani akili zaidi ni kupaa na kutua, na kwenye njia fupi hufanya hayo mara nne au sita kwa siku. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la Oktoba likiwaka mchana hewa inakuwa nyepesi, mabawa hayapati nguvu ileile, injini nazo vivyo hivyo, na ndege inahitaji umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka au inapunguziwa mzigo. Joto linalopanda kutoka kwenye ardhi kavu huitikisa ndege wakati wa kushuka. Mradi wa uwanja wa kimataifa wa Msalato, kwenye barabara ya Arusha, una njia ya kurukia ya kilomita 3.6, na urefu huo una uhusiano mkubwa na hewa hii ya uwanda wa juu. Rubani ambaye daftari lake la safari linaonyesha ameruka kwa muda wa saa nne huenda amevaa sare kwa muda wa saa kumi, na posho inafuata daftari.

Kuhusu uchovu, sayansi ilishasema zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Sheria za anga huweka mipaka, kwa mfano Ulaya rubani haruhusiwi kuzidi saa 100 angani ndani ya siku 28. Mipaka hiyo huhesabu saa tu, haiwezi kuhesabu usingizi ulioupata kwenye hoteli yenye muziki wa harusi chini ya dirisha. Na kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu hudai kulala hata kama mtu alilala mchana.

Swali la kampuni ni swali la historia pia. Marubani wa ukanda huu wamerithi kumbukumbu za kampuni kufa. East African Airways ilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo. Ubia wake na South African Airways ulianza mwaka 2002 na kuvunjika mwaka 2006. Fastjet ilianza safari zake hapa mwaka 2012 kwa nauli zilizowashangaza watu, na kufikia mwanzoni mwa 2019 ilikuwa haipo. Hata kampuni ikiwa hai, ndege inaweza kusimama: mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya Airbus A220 kwa tatizo la injini za mtengenezaji, tatizo lililozikumba kampuni nyingi duniani. Rubani mwenye idhini ya A220 ndege yake ikiwa chini hawezi kuchukua zamu ya mwenzake wa Q400. Anangoja, na saa zake zinangoja naye. Wakati wa Uviko mwaka 2020 ilikuwa dunia nzima: abiria wa ndege walipungua kwa asilimia 60, na watu wenye saa elfu kumi walikaa nyumbani wakijiuliza wanajua kufanya nini kingine.

Hapo ndipo swali la kuacha nchi linapoingia, na mnyororo wake ni mrefu kuliko unavyoonekana. Mwaka 2023 marubani wa Delta ya Marekani walipata mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne, na kampuni nyingine kubwa za huko zikafuata. Mtanzania hawezi kuamka tu akaenda kuajiriwa Delta. Anahitaji leseni ya kule na haki ya kufanya kazi kule. Lakini kampuni kubwa za Marekani zikivuta watu kutoka zile ndogo, na kampuni za Ghuba zikipoteza wazungu wanaorudi kwao, Dubai na Doha hutafuta marubani Nairobi, Addis Ababa, Johannesburg na Dar es Salaam. Makadirio ya Boeing ni kwamba dunia itahitaji marubani wapya zaidi ya 600,000 ndani ya miaka ishirini.

Anayekwenda hupata mshahara usiokatwa kodi kule, nyumba, na shule ya watoto. Hupoteza cheo. Katika kampuni nyingi za ndege, kila kitu hufuata orodha ya ukongwe: nani anapandishwa ukepteni, nani anachagua likizo ya Desemba, nani anapunguzwa kwanza mambo yakiharibika. Ukihama unaanzia mkiani. Kepteni wa Q400 mwenye miaka 42, aliyezoea kuamua, anakwenda kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Boeing 777 na kupokea maelekezo ya mtu aliyemzidi miaka michache tu, wakati mwingine aliye mdogo kwake. Wapo wanaoona ni bei ya haki. Wapo wanaorudi. Kwa mtu wa Dodoma mwenye wazazi wazee Kongwa au Kondoa, umbali nao ni gharama, na hauandikwi kwenye barua ya ajira.

Nimeliacha jambo la afya hadi hapa kwa sababu ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote.

Cheti cha afya ndicho kinachoshikilia kila kitu. Shinikizo la damu linalodhibitiwa halimwondoi mtu kazini, lakini kifafa humwondoa, na kisukari cha kuchoma insulini bado ni kikwazo katika nchi nyingi. Ugonjwa wa moyo ukimpata mtu akiwa na miaka 45 unaweza kuifunga kazi ya miaka ishirini katika asubuhi moja. Ipo bima ya kupoteza leseni. Kila rubani kijana aulize kama kampuni yake inamlipia, na kama haimlipii aikate mwenyewe mapema.

Maradhi ya akili ni mlango mgumu zaidi. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliigongesha ndege kwenye milima ya Alps kwa makusudi, wakafa watu 150. Alikuwa mgonjwa, madaktari walishamwandikia mapumziko, na mwajiri hakujua. Baada ya hapo dunia ilijifunza somo ambalo naona limetekelezwa nusu: ukaguzi uliongezwa, lakini hofu ya kusema haikuondolewa. Marekani iliruhusu tangu 2010 baadhi ya dawa za sonona kwa marubani walio chini ya uangalizi, jambo linaloonyesha kwamba kutibiwa na kuruka vinaweza kwenda pamoja. Kwetu kuna mzigo wa ziada. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapahapa Dodoma, na jina lake tumeligeuza tusi. Kuna wataalamu pale ambao wangeweza kumsaidia mtu mwenye huzuni ya kufiwa au asiyepata usingizi, lakini ni rubani gani atakayekubali kuonekana getini? Atanyamaza, ataendelea kuruka, na siku moja atasema anaacha kazi akafanye biashara. Familia itamwita mvivu. Nina hakika baadhi ya wanaoondoka hawakuchoka ndege; walikosa mahali pa kusema wanaumwa bila kupoteza ugali wa watoto.

Kuna wanaohofia mashine kuchukua nafasi yao. Hofu hiyo haipaswi kumwondoa mtu leo. Chumba cha rubani kilipungua kutoka watu watatu hadi wawili kwa miongo mingi, na wazo la kumbakiza mmoja bado linapingwa vikali na marubani wenyewe.

Lililobaki ni swali la tatu, kuacha kurusha ndege kabisa, na hapa nataka wazazi wanisikilize. Kutoka kwenye kiti cha rubani hakumaanishi kuupoteza ujuzi. Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliizuia Air Tanzania kuingia anga la Ulaya, na Juni 2025 ikayazuia mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu wa watumishi wenye sifa na udhaifu wa usimamizi wa urushaji ndege na ubora wa ndege. Soma sababu hiyo kwa jicho la mtu mwenye saa 8,000 aliyechoka kulala hotelini: nchi inahitaji wakaguzi wanaojua ndege kwa mikono yao. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mwalimu wa simuleta, msimamizi wa usalama wa kampuni, mpangaji wa safari, hao wote hawapatikani darasani pekee. Serikali ikitaka kuwapata lazima ikubali kuwalipa karibu na walichokuwa wanapata angani, vinginevyo itaendelea kuwafundishia Dubai. Kuna pia kazi za anga ambazo si za abiria. Wakulima wa mtama na uwele wa Dodoma na Singida wanajua thamani ya ndege ya kunyunyizia sumu kundi la kwelea kwelea likitua, na sasa ndege nyuki, zile zisizo na rubani ndani, zimeanza kutumika kwa kazi hiyo. Anayezisimamia akiwa ameshaijua hewa ya mchana ya uwanda huu ana faida kubwa.

Kwa anayelifikiria jambo hili sasa hivi, mpangilio una maana. Kwanza ajiulize ni swali lipi kati ya yale matatu linalomsumbua, kwa sababu aliyechoshwa na ratiba ya kampuni moja huenda hahitaji kuacha fani, na aliye mgonjwa hatapona kwa kuhamia Doha. Asome mkataba wa mafunzo aone amebakiza miezi mingapi na anadaiwa kiasi gani. Tofauti ya kuondoka Machi na kuondoka Septemba inaweza kuwa fedha za kujenga nyumba. Na kabla ya kupeleka barua, akamilishe simuleta ya miezi 6 na kipimo cha afya, kwa kuwa vyote vikiwa hai, akibadili mawazo baada ya miezi miwili atarudi akiwa anatafuta kazi tu, bila kulazimika kulipia upya haki ya kuitafuta.